Mkate wa Kuchoma Uliozuia Tanga la Rustika Kuanuliwa

Ipuli, Tabora
Alhamisi, alasiri

Kwa Mama Apolinaria,
Mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Rita.

Mama Mwenyekiti mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kuku wako wamepona mdondo. Mimi ni mzima kadiri mtu aliyefiwa anavyoweza kuwa mzima. Ninakula, ninalala, na Jumapili ninavaa soksi zinazofanana.

Nakuandikia badala ya kuja kukuona, ingawa paa la nyumba yako naliona kutoka hapa nilipokaa. Nikija, nitakaribishwa chai na nitashindwa kusema. Halafu uwanja wangu umejaa watu, na siwezi kuuvuka bila kuulizwa ninakwenda wapi, nitarudi saa ngapi, na kama nimekula. Jambo hilo ndilo ninalotaka kulalamikia.

Kama unavyojua, tanga la mke wangu Rustika lilipaswa kuanuliwa Jumamosi ile, mara tu baada ya Misa. Halikuanuliwa. Mpaka ninapoandika barua hii bado halijaanuliwa, na kisa ni mkate.

Kwetu utaratibu ni mwepisi. Tanga huanuliwa kwa mlo mmoja. Wafiwa, wakwe, majirani na mtani wanakula pamoja, asikosekane hata mmoja. Wakimaliza, maji ya kunawa yanapita. Mtani anapewa kidari cha mbuzi, anamtukana marehemu kidogo kwa mapenzi, kisha kila mtu anakwenda kwake, na mfiwa anaanza kujifunza kukaa peke yake. Mimi nilikuwa tayari kujifunza. Nyumba yangu ina vyumba vitatu, na nilikwisha kupanga nitakaa kipi asubuhi na kipi jioni ili vyote visipate baridi. Wapagazi wa zamani waliufuata utaratibu huu hata mwenzao alipofia njiani kati ya hapa na pwani: walikula, wakanawa, wakajitwika pembe zao wakaendelea. Haukuharibika kwa jua wala kwa ndui. Umeharibika kwa sinia la Consolatha.

Consolatha unamfahamu. Ni mtoto wa dada yake Rustika, mzaliwa wa Urambo, na alikuwa mpishi Zanzibar katika hoteli ya Mwitaliano mmoja. Amerudi nyumbani na aproni nyeupe, koleo refu la kugeuzia vyakula kwenye jiko, na chupa ya mafuta aliyoifunga ndani ya sweta isivunjike. Asubuhi ya siku ile aliniambia, "Baba mdogo, watu wakitoka kanisani njaa itakuwa inauma na pilau bado. Tuwape kitu kidogo cha kufungulia kinywa, hapo hapo nje, wakae wakipunga upepo." Nilikubali. Nilidhani anasema karanga.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu mkate wenyewe. Hapa Tabora mkate uliochomwa tunaujua. Anapewa mgonjwa, anapewa mtoto aliyetoka kuugua surua, na anapewa padri mgeni ambaye hatujui anakula nini. Hajawahi kupewa mkwe. Consolatha alikata vipande vinene, akavichoma juu ya mkaa mpaka vikapata mistari kama punda milia, akavisugua kwa kitunguu saumu kibichi, akaweka nyanya zilizokatwa ndogo ndogo, mafuta, chumvi, na majani. Majani aliyoyazoea Zanzibar hayapo sokoni kwetu, kwa hiyo alikwenda nyuma ya choo akachuma kivumbasi.

Mama Tekla alinusa akasema, "Jamani, hii si ile tunayofukuzia mbu?" Mzee Shigela akamjibu, "Kula tu, mama. Leo mbu akikuuma atakufa yeye." Nakiri kwamba jioni ile hapakuwa na mbu hata mmoja uwanjani. Lakini hiyo si hoja.

2. Kuhusu mafuta. Consolatha alisema ni mafuta ya zeituni, na alisema kwa sauti ili watu wasiogope harufu. Hapo ndipo alipokosea. Sisi mafuta ya zeituni tunakutana nayo kwenye ubatizo, kwenye kipaimara, na padri anapokuja na kijisanduku chake kumpaka mgonjwa. Yale ya mwisho katika nyumba hii aliletewa Rustika. Sasa mtu akisimama mbele ya viti akiwa na nguo nyeupe, sinia mikononi, mkate juu ya sinia, na mafuta ya zeituni juu ya mkate, Mkristo aliyelelewa vizuri afanye nini?

Mama Tekla aliinuka, akaja mbele, akakinga viganja, akapokea, akasema "Amina."

Nyuma yake pakawa na foleni. Walikuja kimya, mikono wameifumbata, wakapokea mmoja mmoja na kurudi vitini kwa kupitia pembeni, kama tulivyofundishwa. Majirani zetu Wamoravian walipanga foleni nao kwa heshima ya nyumba. Yasmini, wa nyumba ya pili, Mwislamu, alichukua kipande chake kwa mkono wa kulia akasema "Bismillahi," na hakuna aliyeona ajabu. Shemeji yangu Masele, ambaye hapokei Komunyo tangu alipooa mke wa pili, alibaki kitini akitazama viatu vyake, na mate yanamtoka. Ilinibidi nimwendee nimnong'oneze kwamba ni nyanya tu. Aliuliza, "Una hakika, shemeji? Nisije nikaongeza dhambi." Nikamwambia nina hakika. Alikula vipande vingi kuliko mtu yeyote aliyekuwa katika hali ya neema.

Naona hili ni kosa kubwa la mkate. Chakula kinapaswa kujieleza chenyewe. Ugali hauna mtu aliyewahi kuupigia ishara ya msalaba akidhani ni Ekaristi.

3. Kuhusu maji. Mafuta yalichuruzika mpaka viwikoni. Consolatha, kwa adabu ya hotelini, akaona aibu, akapeleka jagi na beseni watu wanawe. Wewe mwenyewe ulikuwepo, Mama Mwenyekiti, na wewe mwenyewe ulinawa. Maji ya kwanza yalikuwa yamepita tulipotoka kanisani. Haya yakawa ya pili, na hapa Ipuli, mpaka huko Urambo, maji ya pili maana yake ni moja: mlo umekwisha, tushukuru, twende. Mzee Shigela akasimama, akaomba sala ya kufunga, tena ndefu. Mkaimba. Mkakunja viti. Mama mmoja aliniambia kwa upole, "Pole, Baba Stela, mmetulisha vizuri sana kiroho."

Wakati huo jikoni kulikuwa na mbuzi mzima na masufuria ya pilau yenye mifuniko iliyofunikwa mkaa juu. Consolatha alitoka na upawa mkononi, akaona uwanja mtupu. Akaniuliza, "Baba mdogo, wamekasirika?" Nikamwambia hapana, wamebarikiwa.

4. Jambo hili ni fupi. Watu walipoondoka niliingia ndani nikakaa. Nyumba ilikuwa kimya. Kisha nikasikia kutoka nyuma sauti ya kisu kikikwangua mkate ulioungua. Rustika hakuwahi kuchoma mkate bila kuuunguza. Alikuwa akikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma asubuhi na kuukwangua, unga mweusi unadondoka, sisimizi wanakuja, na yeye anaukwangua bado anazungumza. Nilijibu kutoka sebuleni, "Inatosha, Mama Stela, utaukwangua uishe." Kisu kikanyamaza. Ndipo nikakumbuka.

Sidhani ni haki mtu kufanywa azungumze hivyo nyumbani kwake. Sina la kuongeza hapo.

5. Kuhusu mtani. Bwana Vedasto, Mgogo wetu anayekaa Tura, alikuwa amechelewa kwa sababu treni ilichelewa. Alifika jioni, ana fimbo, ana vumbi, na ana njaa ya mtu aliyeahidiwa kidari. Akakuta viti vimekunjwa.

"Watu wako wapi?"

Nikamwambia wamekwenda.

"Wamekula nini?"

Nikamwambia wamekula mkate.

Mama Mwenyekiti, alijilaza chali kwenye mlango wa mbele, fimbo kifuani kama bunduki. Akapiga kelele mpaka Yasmini akatoka nje. "Mnyamwezi wewe! Babu zako walipita kwetu na mizigo ya Waarabu, midomo imepasuka, tukawachotea maji visimani. Leo mnamuaga mwanamke mzima kwa chakula cha mgonjwa! Rustika alinilisha ugali miaka yote, akinitukana kila tonge. Simlilii kwa nyanya! Tanga hili halijaanuliwa. Mkitaka kuingia ndani, nirukeni."

Tangu hapo tunamruka. Neno la mtani katika mambo haya halina rufaa, hilo unalijua. Akatuma wakwe warudishwe kutoka stendi, nao wakarudi na mabegi yao. Tukasema basi, Jumanne tutakula wote mara moja tumalize. Jumanne Mama Tekla alikuwa kliniki. Siku iliyofuata alikuwepo Mama Tekla, lakini Masele alikuwa amekimbilia Urambo kuangalia tumbaku yake iliyokuwa ndani ya bani la kukaushia, isije ikaungua. Alipokuja Masele, Mzee Shigela alikuwa ameitwa kuongoza sala mtaa wa pili. Na kila jioni, wakati tunamngoja anayekosekana, Consolatha anawasha mkaa, anasema, "Basi shikeni hiki kidogo." Wanashika. Anayekosekana akifika, wengine wameshiba na wamelala kwenye mikeka. Vedasto anainua kichwa mlangoni, anahesabu, anasema, "Bado," na kurudi kulala.

Ninavyoona mimi, kwa mwendo huu mke wangu atakuwa marehemu wa kwanza katika historia ya njia hii ya Ujiji ambaye tanga lake halina mwisho.

6. Kuhusu maadili na uchumi. Hapa naomba usome taratibu.

Watu wanacheka nyumbani kwa mfiwa. Hawajifichi. Kila mmoja sasa anakuja na kitu chake cha kuweka juu ya mkate. Mama Tekla analeta karanga za kusaga na asali ya misituni. Yasmini analeta achari ya maembe. Mtu mmoja, sitamtaja, aliweka mlenda. Consolatha alipouona mlenda umelala juu ya mkate wake alikwenda pembeni akafuta macho kwa aproni. Kisha akaja akaonja. Kisha akauliza kama umebaki.

Wanapiga picha wameinua vipande hewani na kuziweka kwenye kundi la simu la jumuiya, lile lile tunalotangazia misiba. Matokeo yake watu wa mitaa mingine wanakuja kutupa pole. Wanatoa pole haraka sana. Juzi nilimsikia mwanamke akimuuliza mwenzake, "Mama mkwe wako anaendeleaje?" Akajibiwa kwamba anaendelea vizuri, ameanza kutembea. Yule aliyeuliza akasema, "Aa," kama mtu aliyeambiwa treni imeahirishwa. Hapa ndipo tulipofika.

Sasa tazama mbele. Masele amekwisha kusema kwamba bani lake la kukaushia tumbaku lingeweza kuchoma mkate wa wilaya nzima kwa mara moja, tena kwa moto wa pole, usiounguza. Wakulima wa Urambo wakimsikia wataacha tumbaku. Wakiacha tumbaku, vituo vya kununulia vitakosa kazi, malori yatakosa mzigo, reli itabeba nyanya na kivumbasi, na Serikali itabaki inatoza kodi ya vitunguu saumu. Taifa zima litanuka mdomo. Viongozi wetu watakwenda mikutanoni ng'ambo na wenzao watakaa mbali nao, na mikataba haitasainiwa. Yote hayo kwa sababu mtu mmoja hapa Ipuli alishindwa kusema, "Consolatha, kaanga karanga."

7. Kuhusu nafasi. Nimekwisha kukwambia kwamba nilipanga matumizi ya vyumba vyangu vitatu. Sasa havina nafasi hata ya kupanga. Wakwe wanalala sebuleni. Consolatha na shangazi zake wana chumba cha uani. Katika chumba changu analala Masele, na anakoroma akivuta pumzi kama anayebembeleza ng'ombe. Asubuhi nikiamka chai imekwisha kuchemka na mtu mwingine. Nilikuwa nimeacha msumari ulio nyuma ya mlango ukae mtupu, ule aliokuwa akitundikia kanga yake. Jana nimekuta kuna kanga ya mtu. Nilinyoosha mkono niitoe. Nikaona imelowa, nikaiacha ikauke.

Kwa sababu hizi zote, Mama Mwenyekiti, naomba kwa unyenyekevu jumuiya ifanye yafuatayo. Mkate wa kuchoma, wenye kitu juu yake au usio na kitu, upigwe marufuku katika misiba yote kuanzia relini mpaka nyumba ya mwisho ya Ipuli, isipokuwa kwa wagonjwa walio na ushahidi. Jumapili hii, baada ya Misa ya pili, uwakusanye wote bila kukosa hata mmoja, na kama Mama Tekla ana kliniki umwombe aahirishe. Tule ugali na nyama. Maji yapite mara mbili, si zaidi. Vedasto apewe kidari na apandishwe treni. Wakwe waende stendi. Consolatha arudi kwa mama yake Urambo, na asiwekwe kamati ya chakula ya jumuiya mpaka atakapojifunza tofauti ya kuanzia na kumaliza.

Mimi nipewe nyumba yangu, nikae. Ndivyo inavyotakiwa, na nimekwisha kuwa mzigo wa kutosha kwa watu.

Wasalimie wote walio nyumbani kwako, hata yule kijana wako wa pikipiki, umwambie apunguze kelele akipita hapa kwa sababu Vedasto akishtuka anapiga mlango kwa fimbo. Msalimie katekista. Wasalimie wanakwaya, hasa sauti ya pili, waliimba vizuri siku ya maziko na sikuwashukuru. Watu wa hapa kwangu wote wanakusalimu. Wanauliza mbona siku hizi hufiki jioni.

Ni mimi nduguyo katika jumuiya, ninayengoja uamuzi wako nikiwa nimebanwa pande zote,

Teofili
(Baba Stela)

Baada ya sahihi:

Mama Mwenyekiti, nilipokuwa natafuta bahasha amekuja Yasmini akaniambia umekwisha kupanga mambo hayo yote kabla sijakuomba. Anasema Jumapili wote wamekubali, Mzee Shigela amekataa mwaliko mwingine, Mama Tekla kliniki yake ni Jumanne, na Masele amekwisha kuitoa tumbaku banini. Nakushukuru sana. Umefanya kazi ya kiongozi.

Yasmini alipoondoka nilikwenda uani nikamkuta Consolatha anafunga sweta lake juu ya ile chupa. Aliniuliza Jumatatu nitakula na nani. Nikamwambia asijali, mtu mzima hafi njaa. Aliendelea kufunga.

Nimefikiri. Naomba kukujulisha kwamba Jumapili mimi sitakuwepo. Nina safari ya Tura. Sina shughuli yoyote Tura. Nitakaa stesheni nitazame mabehewa. Lakini kanuni ni kanuni, na nadhani utakubaliana nami kwamba tanga haliwezi kuanuliwa mfiwa mwenyewe akikosekana. Kwa hiyo itabidi tupange siku nyingine, na siku hiyo tutaona nani yupo. Hao wengine waje tu kama walivyoahidi, chakula kisiharibike. Nimemwambia Consolatha alifungue lile sweta na aende sokoni kabla nyanya nzuri hazijaisha. Hayo niliyoyaandika juu ya kamati ya chakula uyafute. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu nimeiandika kwa mwandiko mzuri.

Tafadhali usimwambie Vedasto. Ingawa nadhani anajua, maana tiketi ya Tura ndiye aliyenipa, ya kwenda na kurudi, akanitupia mapajani bila kuinuka pale mlangoni. "Nenda, Mnyamwezi," aliniambia. "Ukirudi Jumatatu utatukuta hapa hapa, wote, tunakungoja tukutukane."